Diwani na Chumba cha Kimya

Nilimkuta kasuku amejinyonyoa tena. Manyoya ya kijivu yalikuwa yametapakaa chini ya tundu, mengine yamenasa kwenye waya, na machache yalikuwa na damu kwenye mashina. Kifua chake kilikuwa kitupu, ngozi imevimba na kuwa nyekundu, kama kuku aliyetumbukizwa kwenye maji ya moto halafu mpishi akaitwa mlangoni. Kichwa tu ndicho kilichobaki na manyoya yote, kwa sababu mdomo wake haukuweza kukifikia. Aliniangalia kwa jicho moja la manjano, akachagua unyoya mwingine ubavuni, akauvuta. Alipouvuta alilia. Hapo ndipo nilipokuwa nikiishiwa nguvu: anaumia, analia, kisha anarudia.

Nilitaka kumfokea aache. Sikuthubutu, kwa kuwa ndani ya chumba kile ilikuwa marufuku kutamka neno.

Najua utasema nimeolewa na wendawazimu. Subiri kwanza, utasema vizuri zaidi nikimaliza.

Mume wangu ni kinyozi. Saluni yake iko mbele ya nyumba, mlango wake barabarani, na sisi tunaishi vyumba vya nyuma. Kasuku huyu alinunuliwa na mke wake wa kwanza, marehemu, ambaye alikuwa msusi. Walifanya kazi chumba kimoja, mke akisukia upande wa dirisha, mume akinyolea upande wa kioo kikubwa, na tundu la ndege likaning'inizwa katikati yao. Kwa kuwa alidakia kila mazungumzo na kutoa ahadi asizoweza kuzitimiza, wateja walimpa jina la Diwani. Alisema "Kesho njoo" kwa mtu yeyote aliyeingia.

Marehemu aliugua kifua. Alikohoa kwa muda mrefu, hatimaye akafariki. Siku za msiba, watu wamejaa uani, ikasikika sauti yake kutoka saluni iliyofungwa: "Mwanangu, umekula?" Inasemekana waombolezaji wengine walitoka mbio wakaacha viatu. Binti yake, ambaye baba yake humwita Kipusa tangu utotoni, yeye alikimbia kuelekea huko huko kwenye sauti.

Diwani alikuwa amemhifadhi. Alisema "Zima taa hiyo" kwa uchovu ule ule wa mwanamke anayesema jambo moja kila siku. Alicheka kicheko chake cha kusikia umbea aliokuwa akiusubiri. Aliuliza "Mwanangu, umekula?" kila Kipusa alipoingia. Na alikohoa kikohozi chake cha mwisho, kikavu, kinachoanza kidogo na kumalizikia chini kabisa ya tumbo. Kikija kikohozi, mume wangu hukumbuka kazi mahali pengine.

Basi saluni ikafunguliwa, wateja wakarudi, na Diwani akaendelea kujifunza, maana kasuku hana likizo. Siku moja Kipusa akagundua kwamba ndege hasemi tena "Zima taa hiyo". Mahali pake alikuwa anasema, kwa sauti ya dereva mmoja wa lori, "Punguza pembeni, juu acha." Binti alilia mpaka sauti ikamkauka. Ndipo dada mkubwa wa mume wangu, mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu hata pale pasipo na swali, akatoa amri. Ndege ahamishiwe chumba cha nyuma, mlango ufungwe, redio isiwashwe karibu, na asiyeweza kuubana ulimi wake asiingie. Asiposikia sauti nyingine, hatapata nyingine ya kuweka mahali pa ile ya marehemu. Wote waliona ni busara. Hata mimi niliposimuliwa mara ya kwanza niliona kuna akili ndani yake.

Mimi nilikuja baadaye. Niliolewa nikakabidhiwa funguo, jiko na sheria hiyo. Sasa sikia kichekesho: mimi ni mwalimu wa chekechea. Sauti yangu ikitoka darasani inavuka uwanja na kurudisha watoto waliokwisha fika getini. Mungu alinipa koo la tarumbeta, kisha akanipa mume mwenye nyumba ya kunong'ona. Kwenye ukumbi mwembamba unaopita chumba cha ndege tulitembea kwa ncha za vidole, tukaulizana chumvi kwa ishara, na nilipopiga chafya nilijifunika kwa mto.

Kipusa ananiita Mama Mdogo. Ana adabu, ananipokea mzigo, ananiamkia. Lakini ni adabu ya kumpisha mgeni kiti, si ya kukaa naye. Anafanya kazi kwenye duka la kuchapa na kutoa nakala, na akirudi jioni, kabla ya kunywa hata maji, alikuwa anaingia chumba cha Diwani, anakaa kwenye kigoda, anasubiri. Ndege anauliza, "Mwanangu, umekula?" Naye, kwa kuwa hakuruhusiwa kutoa sauti, anaitikia kwa kichwa. Nilimwona mara moja kupitia mlango uliobaki wazi kidogo. Anatikisa kichwa, anatabasamu, msichana mtu mzima kabisa. Nilirudi jikoni nikalia juu ya sufuria za watu.

Halafu Diwani akaanza kujinyonyoa, na kadiri alivyojinyonyoa ndivyo alivyozidi kunyamaza.

Tulijaribu kila kitu. Wifi alisema tumpake maji ya pilipili ili manyoya yawe machungu. Tulimpaka. Alijilamba, akapiga kelele, akajipangusa macho kwenye kijiti chake mpaka yakavimba, na mume wangu alimwosha kwa maji ya uvuguvugu. Nikamkatia fulana kutoka kwenye soksi nene ya mume wangu, nikatoboa matundu ya mabawa. Alionekana kama mgonjwa aliyetoroka wodini. Aliifumua uzi kwa uzi, na ilipokwisha akahamia kwenye ngozi. Tukamkatia kola ya plastiki kutoka kwenye mfuniko wa ndoo. Akashindwa kula, akawa anaanguka kutoka kwenye kijiti, tukaivua. Siku tulipomtoa kuota jua, tukapita naye saluni, mteja mmoja mwenye povu nusu ya uso akasema, "Fundi, kinyozi hajinyoi, lakini naona kasuku wako amejifunza kazi." Watu wote wakacheka, na mume wangu akacheka nao. Kisha akaja jikoni, akasimama nyuma ya mlango, akauficha uso kwenye taulo la wateja.

Kipusa alikuwa na sauti ya mama yake kwenye simu, aliyoirekodi kwenye sherehe ya jirani. Tukaona labda ndege anamlilia marehemu mwenyewe. Akaiweka simu kando ya tundu, akaiwasha ijirudie. Nisingependa kuona tena nilichokiona. Diwani aliruka kijiti kwa kijiti, akabandika jicho kwenye waya, akaiita ile simu: "Mwanangu, umekula? Mwanangu, umekula?" Simu ikaendelea na maneno yake ya sherehe, haikumjibu. Akaita tena. Ilipoisha chaji ikazimika, akang'oa manyoya ya ubavu mzima kwa mkupuo mmoja. Tangu siku hiyo hakusema tena neno lolote. Kilichobaki ni kikohozi.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nikamwita daktari wa mifugo bila kumngoja wifi atoe kibali.

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mabuti, mtu wa ng'ombe na kuku, na alilisema hilo wazi: kasuku hakuwa amewatibu wengi. Alipoingia chumbani akasalimu kwa sauti kubwa ya kawaida, nasi wote watatu tukaweka kidole mdomoni kwa pamoja. Akashusha sauti, akauliza kama kuna mgonjwa amelala chumba cha pili. Mume wangu akamwonyesha tundu kwa kidole. Alimshika Diwani kwa taulo, akamkagua utitiri, akamtazama koo, akachukua damu na kinyesi. Alitukataza kumlisha mbegu za alizeti tupu. Akatuonyesha unyoya mchanga, ule ambao bado una damu ndani, akasema ukikatika huvuja sana, tubane kwa unga mkavu na tusiachie.

Majibu yalipotoka alirudi, safari hii akatukalisha jikoni.

"Hana mdudu, hana ugonjwa wa damu," alisema. "Anashinda na nani?"

Tukatazamana.

"Peke yake," nikasema.

"Mnaongea naye?"

Mume wangu akamweleza. Alieleza vizuri, kwa utaratibu, kama mtu anayeeleza njia ya kufika kwake, na kadiri alivyoeleza ndivyo daktari alivyozidi kumtazama. Alipomaliza, daktari alizungusha kikombe chake.

"Poleni kwa msiba," alisema. "Lakini kasuku ni ndege wa kundi, mzee wangu. Anaita, anajibiwa, ndiyo maisha yake. Huyu ameita siku zote, hajajibiwa. Mtu angeongea peke yake. Yeye anajila. Akifika kwenye nyama sitakuwa na la kumfanyia."

"Tukiongea naye atashika zetu," Kipusa alisema.

"Atashika, ndiyo."

"Na za mama zitapotea?"

Daktari hakumdanganya. Alisema huenda nyingine zikabaki, huenda zisibaki, yeye hawezi kuahidi. Akachukua begi lake, akaaga.

Siku iliyofuata wifi alikuja, hata kanga hajaivua vizuri akaanza. "Hiyo ndiyo elimu ya kuchanja ng'ombe. Mimi nasema ndege ana mbegu mbaya, mbadilishieni mbegu. Na sauti ya mke wa watu ikipotea humu ndani, wifi yangu, tutajua ni nani aliyeifuta."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa nimechoka kuwa mstaarabu. Lakini kabla sijasema lolote Kipusa alinishika mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mama Mdogo," akasema, "sina ugomvi na wewe. Umeikuta nyumba, ni yako. Jiko ni lako, baba ni wako. Kila kitu chukua. Hicho kimoja niachie."

Ningemwambia nini? Nikamwahidi. Niliapa kwamba mdomo wangu hautafunguka mbele ya ndege yule. Mume wangu alikuwa anatazama dirishani, hakusema ndiyo wala hapana. Nilimchukia kidogo kwa hilo.

Tukabadilisha mbegu. Tukampa papai, mboga za majani, karanga za kuchemsha. Alivitazama. Mabega yakabaki mifupa, paja moja likawa na kidonda. Kila nilipotoka shule nilisimama mlangoni mwa chumba kile kabla ya kufungua, nikiomba nimkute hai, na saa nyingine, Mungu anisamehe, nikiomba nimkute amekufa ili yaishe. Nilijua akifa nitakuwa muuaji. Na akiponywa kwa njia ile moja iliyobaki, nitakuwa mwizi. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, wala sikuwa na wa kumwambia, maana kwenye nyumba ile hata malalamiko yalinong'onwa.

Kisha likatokea. Mchana mmoja, Kipusa yuko kazini, mume wangu ana foleni saluni, nilifungua mlango nikakuta damu kwenye ukuta. Alikuwa ameukata unyoya mchanga wa bawa. Damu ilikuwa inadondoka kutoka kijiti hadi kwenye gazeti, naye anajirusharusha, kila akipiga bawa inaruka nyingine. Nilikimbilia unga, nikaingiza mkono tunduni, nikamshika kwa kanga, nikabana. Alinitoboa kidole hadi ndani. Moyo wake ulikuwa unapiga kwenye kiganja changu kwa kasi mpaka nikaona utapasuka.

Ndipo nikasema.

Sikuamua. Darasani mtoto akianguka na kuchubuka goti, mkono unabana na mdomo unasema, havitengani, ndivyo nilivyofanya kazi miaka yote. "Haya, haya, haya," nilisema, kwa sauti yangu yote, sauti ya uwanjani. "Imekwisha. Tulia. Nani amekuumiza? Hakuna aliyekuumiza, umejiumiza mwenyewe, mjinga wewe. Tulia hapa kwa mwalimu. Haya."

Alikoma kurukaruka. Aligeuza kichwa taratibu mpaka jicho likawa juu ya mdomo wangu, na mboni yake ikawa inajifinya na kufunguka, inajifinya na kufunguka. Mwili mzima ukalegea mkononi mwangu. Damu ikakatika. Sikuthubutu kunyamaza. Nikamweleza habari za darasa langu, mtoto anayekula chaki, na yule anayelala akiwa amesimama. Nikamweleza kwamba niliapa na sasa nimevunja kiapo changu. Nilikuwa nalia, na kamasi zinanitoka, naye akanyoosha shingo yake yenye upara, akachukua ukingo wa mkono wa blauzi yangu kwa mdomo, akaupitisha polepole, kama ndege anavyomsafisha mwenzie.

Kuanzia hapo nilikuwa mtu wa siri. Nikitoka shule, kabla Kipusa hajarudi, naingia, nafunga mlango, naongea. Nilijaribu kuongea kwa sauti ya chini, lakini unaijua sauti yangu. Diwani akaanza kula. Alianza kunisubiri, namsikia akigonga tundu nikiwa bado ukumbini. Kidonda kikakauka. Ngozi ya kifua ikapauka, kisha siku moja nikaona vijiti vidogo vyeusi vinachomoza, kama ndevu za asubuhi. Nilipiga magoti pale pale nikamshukuru Mungu, na nilipoinuka nikashikwa na hofu kuliko ya mwanzo. Kwa sababu hajasema bado. Siku yoyote angesema, na angesema kwa sauti ya nani?

Nilijidanganya kwamba sauti ya zamani itarudi na manyoya. Kwamba akipata nguvu atamuuliza binti yule kama amekula, kwa sauti ile ile, na mimi nitabaki na siri yangu, na wifi atabaki na mbegu zake, maana tayari alikuwa anajisifu mtaa mzima kuwa ni mbegu. Kipusa naye alianza kunawiri. Alipoona vile vijiti alikuja jikoni akanikumbatia kwa nguvu. Sijawahi kuona aibu kama niliyoiona mikononi mwa mtoto yule.

Jioni moja aliwahi kutoka kazini. Nilikuwa jikoni namenya vitunguu, nikasikia anaingia chumbani, kigoda kikaburuzwa. Kimya. Halafu, wazi kabisa, hadi jikoni, ikasikika sauti yangu: "Haya, haya, haya. Tulia hapa kwa mwalimu."

Kisu kiliniponyoka.

Nilipofika mlangoni Kipusa alikuwa bado amekaa, mikono magotini, akimtazama ndege. Hakugeuka. Alikuwa anasubiri. Niliona kwamba anasubiri lile lingine lije baada ya hilo, na mimi nikasubiri naye. Diwani akajikung'uta, akatikisa mkia wake mwekundu, akasema, kwa sauti yangu, "Nani amekuumiza?" Kisha akakohoa. Kikohozi kile, kikavu, mpaka chini.

Akanyamaza. Hakikuwepo kingine.

Kipusa akasimama. "Uliniahidi," alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, haikuwa ya kunong'ona, na nadhani hakujua. "Nilikuomba kitu kimoja. Humu ndani nilikuomba kitu kimoja tu."

"Angekufa," nikasema.

"Bora angekufa na sauti ya mama." Akapaza sauti. Nilikuwa sijawahi kumsikia akipaza sauti, na niligundua kwamba naye ana koo. "Umemwacha na kikohozi. Mama yangu amebaki kikohozi."

Ningejitetea kwa lipi? Alichosema kilikuwa kweli, neno kwa neno. Mume wangu alitokea nyuma yangu na mashine ya kunyolea mkononi, bado inanguruma, na kutoka saluni mteja akaita, "Fundi, umeniacha nusu kichwa huku." Akaizima.

"Baba, amemfundisha," Kipusa alisema. "Amekuwa akiongea naye."

"Najua," mume wangu akasema.

Nikageuka kumtazama.

"Ukuta wa chumba hiki na saluni ni mmoja," alisema. "Na Mwalimu hana sauti ya siri. Kila siku nikinyoa namsikia. Wateja nao wanamsikia, nikawaambia anajisomea." Aliiangalia mashine mkononi kama hajui ilifikaje. "Ningeweza kumzuia. Sikumzuia."

"Kwa nini?" Kipusa akauliza.

"Nilikuwa nimechoka, mwanangu. Wewe ulikuwa unamsikia akikuuliza kama umekula. Mimi nilikuwa nasikia kile kikohozi. Kila siku, ukutani. Nilimuuguza mama yako mara moja akiwa hai. Nilishindwa kuendelea kumuuguza." Akajifuta uso kwa mkono wenye nywele za watu. "Niliona tunanyamaza kwa ajili yako. Basi nikavumilia kwa ajili yako."

Kipusa alimtazama baba yake kwa muda. Nilidhani atamrukia, au atapita katikati yetu na kwenda kufunga nguo zake, na ningempisha. Badala yake aligeukia tundu. Diwani, kwa zile kelele, alikuwa amejibana kwenye kona, manyoya ya kichwa yamelala, na kwenye kifua chake vile vijiti vipya vilikuwa vinatetemeka. Baadhi vilikwisha funguka nchani, vikatoa kijivu laini.

Alisogea hadi pua yake ikakaribia waya.

"Alikuwa anauliza kila siku," alisema polepole. "Nami natikisa kichwa." Akavuta pumzi. "Diwani. Mama amekufa."

Mume wangu alitoa mguno mdogo. Tangu niingie nyumba ile sikuwahi kumsikia yeyote akilitaja neno hilo. Walisema "alipoondoka", walisema "marehemu", na mbele ya ndege hawakusema chochote. Kwa ajili ya nani, sijui. Labda waliona likitamkwa chumbani mle, atalishika.

"Mama amekufa," Kipusa akarudia, kama anavyoambiwa ndugu aliyefika baada ya mazishi. "Aliugua kifua. Wewe ulikuwepo, ulimsikia. Tulimpeleka hospitali asubuhi, akasema nisisahau kukubadilishia maji. Hakurudi. Nilisahau maji." Akakaa chini sakafuni, akaegemeza paji la uso kwenye tundu, na akaendelea kumweleza, nani alimwosha, nani alimvisha, nguo gani, nani alichelewa, jinsi watu walivyokimbia siku ile ndege aliposema kutoka saluni. Hapo alicheka kidogo, kicheko kikamkatikia. Sauti yake ilikuwa nzito kuliko nilivyodhani. Mteja aliita tena, hakuna aliyekwenda.

Diwani alishuka kutoka kona yake, hatua kwa hatua, hadi usawa wa uso wa Kipusa. Alimsikiliza kwa jicho moja, akageuka akamsikiliza kwa la pili. Kisha akainamisha kichwa, akashika unyoya mmoja mpya wa kifuani kwa mdomo, na sisi watatu tukabana pumzi. Aliupitisha taratibu kutoka shina hadi ncha, akaunyoosha, akauacha pale pale ulipoota.